Unasomea udaktari wa mifugo? Hivi ndivyo utakavyoiva kabla hujavaa joho

Kila fildi (mafunzo kwa vitendo) ikikaribia wadogo zangu wa SUA, Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo pale Morogoro, wananiuliza swali lile lile, kaka nifanyeje nisije nikamaliza miaka 5 najua vitabu tu halafu ng'ombe wa kwanza akinilaza chini mbele ya mwenye mali. Swali zuri sana na nalichukulia kwa uzito, kwa sababu yule ng'ombe ndo ada ya shule ya mtoto wa mtu. Morogoro wamekuwa wakifundisha madaktari wa mifugo tangu 1976, kabla hata chuo hakijaitwa SUA (hilo jina limekuja 1984), kwa hiyo walimu wazuri wapo, hospitali ya wanyama ipo, wafugaji wapo kuanzia Mvomero mpaka Kilosa. Kinachobaki ni wewe unavyozitumia hizo nafasi.

Anza na daftari. Sizungumzii lile la kusainiwa na supavaiza, lile litajazwa tu hata na mtu aliyelala. Nunua kaunta buku yako, piga mistari mitatu: niliona, nilisaidia, nilifanya mwenyewe. Kila jioni unajaza. Shirika la Afya ya Wanyama Duniani lilishatoa mwaka 2012 orodha ya mambo ambayo daktari wa mifugo anatakiwa ayaweze siku ya kwanza tu akitoka chuo, itafute, uilinganishe na daftari lako. Wengi ukiwaangalia mstari wa kwanza umejaa mpaka unamwagika, ule wa tatu una chanjo za kuku na kuogesha mbuzi basi. Ukishaona hivyo unajua wiki ijayo uombe nini, na kuomba kwenyewe ni kwa mdomo wako, "Dokta, leo naomba dripu niweke mimi, wewe unisimamie." Mwalimu hawezi kujua una njaa ya kazi kama umesimama nyuma ya wenzako kumi umeshika simu.

Pili, jua mnyama mzima kabla ya mgonjwa. Hapa watu wanapapita mbio na ndo msingi wenyewe. Nenda banda la chuo asubuhi, ng'ombe hamna anayeumwa, pima joto (ng'ombe mkubwa anacheza 38 hadi 39.3 hivi), shika mshipa chini ya mkia uhesabu mapigo, kandamiza ngumi ubavu wa kushoto usikilize tumbo likijikunja, kawaida mara moja hadi mbili kwa dakika, shika tezi za chini ya sikio na za mbele ya bega. Fanya kwa ng'ombe hamsini. Siku ukishika ndama mwenye ndigana kali, ule ugonjwa unaoletwa na kupe, mitoki imevimba chini ya sikio kwa sababu kupe wa ile ndigana anapenda kukaa sikioni, vidole vyako vitashtuka vyenyewe kabla hujakumbuka sentensi yoyote ya mhadhara. Halafu usiishie hapo, chukua sampuli ya tezi, paka kwenye kioo, kakague kwa hadubini, ndo utibu.

Sasa kupima mimba kwa mkono, yaani kupapasa kizazi kupitia njia ya haja kubwa, hii naomba nikae nayo kidogo maana ndo inayotesa watu. Usisubiri siku ya prakitiko ambapo ng'ombe ni wawili na wanafunzi arobaini, ng'ombe mwenyewe kashachoka. Nenda machinjioni alfajiri, ongea vizuri na wachinjaji, omba mifuko ya uzazi, tia kwenye ndoo, funika na kitambaa, fumba macho, ingiza mkono na glavu. Tafuta shingo ya kizazi kwanza, ngumu ngumu kama shingo ya kuku, ukiishika hiyo umepata njia, ifuate mpaka pembe mbili za mfuko, halafu ovari. Rudia mpaka useme bila kuangalia hii ina mimba hii haina, halafu fungua uhakikishe. Ukija kwa ng'ombe hai kucha ziwe fupi, pete umevua, kilainisho cha kutosha, akijibana usishindane naye, tulia aachie ndo uendelee. Mimi natumia mkono wa kushoto ili wa kulia ubaki msafi wa kuandika.

Tatu, kuongea na mfugaji. Nilipokuwa mwaka wa nne kuna sehemu nilipelekwa, sitaitaja, wiki tatu nzima nikawa natumwa kupeleka barua na kufuata chai, mnyama nilikuwa namuona kupitia dirishani. Kilichoniokoa ni bwana mifugo mmoja wa kata, mtu wa LITA (vyuo vya serikali vya mafunzo ya mifugo), alikuwa anapita na pikipiki yake nikamwomba nipande nyuma. Yule ndo kanifundisha kwamba ukifika bomani hufungui begi. Unasalimia, shikamoo mzee, unaulizwa habari za Morogoro unajibu, unakaa. Ndo unauliza: ameacha kula lini? Wangapi wameanza? Mmehama kutoka wapi? Na swali ambalo wanafunzi wanasahau, "Mzee, mmeshamchoma dawa gani?" Maana sindano ya oksitetrasaiklini kashachomwa juzi, na kama huulizi utatoa ile ile tena uite matibabu. Mfugaji wa Kimasai akikwambia ni oltikana msikilize, anaijua hiyo ndigana toka kwa babu yake. Hata kama mwisho wa siku vipimo vitasema kingine, umeanza na mtu anayemjua ng'ombe wake kwa jina. Na wale mabwana mifugo msiwadharau kwa sababu nyie mtakuwa madaktari, mtu kafanya uhimilishaji (kupandikiza mbegu kwa mrija) miaka kumi, mwombe akushikie mkono.

Nne, usalama wako, na hapa sitanii hata kidogo. Chanjo ya kichaa cha mbwa uipate kabla hujaanza kliniki. Kuna magonjwa yanatoka kwa mnyama yanakuja kwako, kwa hiyo ng'ombe katupa mimba, usiguse kitoto wala kondo bila glavu ndefu, na maziwa ukikaribishwa uliza kwa adabu kama yamechemshwa. Ukikuta mzoga umekufa ghafla, umevimba haraka, damu nyeusi isiyoganda inatoka puani na nyuma, kisu kibaki kwenye ala. Hicho fikiria kimeta, ukipasua umesambaza mbegu za ugonjwa ambazo zitakaa ardhini miaka na miaka. Unachukua tone la damu ya sikio la kupima, kwa uangalifu, unazuia watu wasigawane nyama, na hiyo ya pili ndo ngumu kuliko zote, familia yenye njaa inakuangalia usoni, ndo maana nikasema ujifunze kuongea mapema.

Mbwa na paka sina mengi, shinda kliniki za jioni, jifunze ganzi na nusu kaputi vizuri kuliko kukata, maana wengi wanapotea kwenye usingizi, sio kwenye kisu. Kwenye dawa jizoeze kila ukiandika antibayotiki unaandika hapo hapo siku za kusubiri kabla maziwa na nyama havijauzwa, na unamwambia mfugaji kwa sauti, arudie mwenyewe usikie kama kaelewa.

Mwaka wa tano semista ya mwisho, fuatilia mapema mambo ya Baraza la Veterinari, ndo linalosajili madaktari wa mifugo, bila usajili sheria ya 2003 haikuruhusu kutibu kama daktari hata uwe na GPA ya aina gani. Vyeti, picha, nakala, weka kwenye faili moja. Halafu rudi kwenye kaunta buku, angalia mstari wa tatu. Kama kuzalisha ng'ombe aliyekwama bado ni sifuri, waachie namba yako mabwana mifugo watatu na wafugaji wa maziwa wa karibu na chuo, waambie wapige hata saa nane usiku, na gambuti, kamba safi mbili, sabuni na tochi vikae mlangoni.