Pesa zako za NSSF zimekwama? Anza na karatasi kabla ya foleni

Uganda hatuna posho ya serikali kwa mtu aliyepoteza kazi. Ukiachishwa leo, una milango miwili ya kubisha hodi: kwa mwajiri wako wa zamani na NSSF, mfuko wa taifa wa hifadhi ya jamii. Nilikaa miaka mingi nikiwa karani wa mishahara katika kampuni ya ulinzi. Sasa nina meza yangu hapa Jinja, nawasaidia watu kujaza fomu za madai. Wengi ni maaskari wa getini, tunaitana afande hadi leo, na karibu wote hufika na neno lilelile: "Wananizungusha." Nikiikung'uta bahasha mezani, mara nyingi sioni mtu anayewazungusha. Naona jina linapigana na jina.

Hatua ya 1: Jua unadai nini

Hapa ndipo nguvu nyingi hupotea bure. Kuachishwa kazi peke yake hakukupi haki ya kuchukua akiba yako NSSF. Dai la aliyekosa kazi linamtaka awe ametimiza miaka 50, na awe amekaa mwaka mzima bila ajira. Ukifika 55, unachukua chako hata kama bado unafanya kazi. Kisha kuna sheria iliyorekebishwa 2022: mwenye miaka 45 aliyechangia kwa miaka 10 anaweza kutoa hadi asilimia 20 ya akiba yake, na mwenye ulemavu anaanzia miaka 40, naye pia awe na miaka 10 ya kuchangia, anatoa hadi asilimia 50. Hao hawaulizwi kama wana kazi.

Kwa hiyo afande wa miaka 38 aliyeachishwa mwezi wa tatu, hata akipanda Pilkington Road, Kampala, kila wiki hadi ofisi za NSSF jengo la Workers House, hajacheleweshewa kitu. Wakati wake haujafika tu. Pesa zipo na zinazaa: riba ya mwaka wa fedha 2023/24 ilikuwa asilimia 11.5. Wewe ukiwa hivyo, ruka hadi hatua ya 4.

Kuna kundi moja husahaulika. Aliyechangia NSSF akiwa kampuni binafsi, kisha akaandikwa polisi, magereza, jeshini au ualimu wa serikali, ana dai lake la pekee, kwa sababu huko alikokwenda kuna pensheni nyingine. Nimewakuta polisi wenye akiba ya miaka minne wasiojua kama wanaweza kuidai.

Hatua ya 2: Panga karatasi tatu mezani

Weka kitambulisho cha taifa, taarifa ya akaunti yako ya NSSF na taarifa ya benki. Soma herufi kwa herufi. Wala sitanii, chukua rula na kalamu. Muhammad, Mohamed na Mohammed ni mtu mmoja msikitini, lakini kwenye kompyuta ni watu watatu. Kitambulisho kina majina matatu, benki ina mawili, na NSSF ina lile la utani ambalo karani wa kampuni alilisikia getini akaliandika. Najua, maana karani mwenyewe nilikuwa mimi. Tulikuwa tunasajili watu 40 asubuhi moja, nusu yao wamesimama kwenye mvua, na hakuna aliyeuliza "jina lako linaandikwaje?"

Angalia pia NIN, namba ya utambulisho wa taifa iliyo kwenye kitambulisho, yenye herufi na tarakimu 14. Sifuri ikiandikwa kama herufi O, umekwama. Na tazama tarehe ya mwisho ya kadi: zile za kwanza zilizotolewa kuanzia 2014 zilipewa miaka 10 tu.

Sasa, nani arekebishe? Kosa likiwa upande wa NSSF, na kitambulisho ni sahihi, nenda NSSF na kitambulisho hicho, uombe wasahihishe. Kosa likiwa kwenye kitambulisho, anza NIRA, mamlaka inayotoa vitambulisho, na usiguse kwingine kokote mpaka NIRA wamalize. Watu hufanya kinyume: wanabadilisha NSSF ifanane na kitambulisho kibovu, kisha wanasahihisha kitambulisho, na karatasi zinaanza kupigana upya. Mara nyingi utatakiwa kula kiapo cha maandishi kwamba majina yote mawili ni yako. Nenda kwa wakili au kamishna wa viapo mwenye ofisi na mhuri, achana na yule kijana wa chini ya mwembe.

Mwaka wa kuzaliwa ni balaa kuliko jina. Mzee mmoja alikuja kwangu NSSF ikisema 1971, kitambulisho 1975. Aliongeza miaka alipokuwa anatafuta kazi, kisha siku ya kuandikishwa NIRA akasema ukweli. Alitaka nimsaidie kuubadilisha ukweli urudi kuwa 1971. Nilimwambia, mzee wangu, lete kadi ya ubatizo na cheti cha shule tuone zinasemaje, maana mimi kiapo cha uongo siandiki. Zote zilisema 1975.

Hatua ya 3: Hesabu miezi

Fungua programu ya NSSFGo, au uombe taarifa kamili katika tawi lolote, kisha upitie mwezi mmoja mmoja. Mchango ni asilimia 15 ya mshahara: 5 zinakatwa kwako, 10 zinatoka mfukoni mwa mwajiri. Wa mshahara wa shilingi 400,000 anapaswa kuona 60,000 kila mwezi. Miezi 7 ikikosekana, hiyo ni 420,000 kabla ya riba. Mwajiri anatakiwa kupeleka mchango ndani ya siku 15 baada ya mwezi kuisha, akichelewa anatozwa faini, na tangu 2022 hata mwenye mfanyakazi mmoja analazimika.

Pengo likionekana, peleka malalamiko NSSF kwa maandishi, pamoja na hati za mshahara zinazoonyesha ulikatwa. Hati umezipoteza? Barua ya ajira na taarifa ya benki inayoonyesha mshahara ukiingia zinasaidia. Uliza pia kama una namba mbili za uanachama. Ukihama kampuni tatu, huenda mojawapo ilikusajili upya na akiba yako imekaa vipande vipande. Omba ziunganishwe kabla ya kuwasilisha dai.

Hatua ya 4: Pesa za mwajiri

Hizi hazingoji umri. Sheria ya Ajira ya 2006 inamtaka mwajiri akulipe mshahara uliobaki na stahili zako ndani ya siku 7 tangu kazi ilipokoma. Malipo badala ya notisi yanategemea muda uliofanya kazi: notisi ya mwezi mmoja kwa aliyefikisha mwaka mmoja, miwili kwa aliyefikisha mitano, mitatu kwa aliyefikisha kumi. Omba na cheti cha utumishi, ni haki yako.

Wakikaa kimya, andika barua, baki na nakala iliyogongwa mhuri wa kupokelewa, kisha nenda kwa ofisa wa kazi wa wilaya. Zikipita siku 90 bila uamuzi, unaweza kuipeleka kesi Mahakama ya Viwanda. Barua isiyo na mhuri wa kupokelewa haisaidii. Nimeona kesi nzuri zikianguka hapo.

Hatua ya 5: Wasilisha, kisha fuatilia

Hakikisha akaunti ya benki ni yako, si ya mkeo wala kaka, na haijalala. Weka humo hata shilingi 10,000 wiki moja kabla, uone kama inapokea. Wasilisha dai, chukua namba ya kumbukumbu, andika tarehe na dirisha ulilohudumiwa. Dai likirudishwa, omba sababu kwa maandishi. Wengi huambiwa kwa mdomo "kuna shida kidogo" wakaondoka wakitikisa kichwa, na wakifika kwangu hawakumbuki shida yenyewe ilikuwa ipi.

Na dalali akikwambia ana mtu ndani na anataka asilimia 10, mwambie akuonyeshe kwanza ni karatasi gani kati ya zile tatu atakayoirekebisha. Hajui.