Kabla diski ya Windows ya zamani haijaharibika: mambo ya kuzingatia kwa tulio Mtwara na Lindi

Microsoft iliacha kuitolea Windows XP masahihisho tarehe 8 Aprili 2014, lakini kazi zilizomo ndani yake hazikuisha siku hiyo. Kuna duka la dawa lenye hesabu zake zote kwenye programu ya miaka ya 2000 ambayo aliyeitengeneza hapatikani tena. Kuna ofisi ya chama cha msingi ambayo rekodi zake za korosho za misimu ya zamani hazifunguki kwenye Windows ya leo. Kompyuta ya zamani ikifa, njia nzuri ni kuihamishia XP au Windows 98 kwenye mashine pepe, yaani kompyuta inayoigizwa na programu kama VirtualBox au QEMU ndani ya kompyuta mpya. Diski yake nzima inakuwa faili moja kubwa. Naiamini njia hii na nampendekezea kila anayeniuliza. Sharti ni moja: faili hilo lilindwe kabla ya kazi kuanza, maana likishaharibika, wengi wetu huanza na hatua inayomalizia kabisa kilichokuwa kimebaki.

Anza na umeme, na hapa nitakaa kidogo. Windows iliyo ndani inapohifadhi kitu, kitu hicho hakifiki kwenye diski moja kwa moja. Kinapita kwenye diski ya kuigizwa, kisha kwenye kumbukumbu ya kompyuta inayoibeba, kisha kwenye kumbukumbu ya diski yenyewe, ndipo kinaandikwa. Mifumo ya zamani iliandikwa kwa kuamini kwamba diski ikiambiwa "andika sasa", inaandika. VirtualBox, kwa mpangilio wake wa kawaida, haitekelezi amri hiyo kwa diski za aina ya IDE (njia ya zamani ya kuunganisha diski), ili kazi iende haraka. Ni kama karani wa ghala kusaini kuwa magunia yameingia ilhali bado yako juu ya lori barabarani. Umeme ukikatika dakika hiyo, kitabu kinasema kingine na ghala lina kingine.

Windows 98 inaumia zaidi kwa sababu hutumia FAT, mfumo wa zamani wa kupanga faili kwenye diski, ambao hauna jarida la kumbukumbu la kurudisha mambo katika mpangilio. XP yenye NTFS, mfumo mpya zaidi wa kupanga faili, inalo, lakini jarida nalo linategemea maandishi kufika kwa utaratibu ule ule yalivyotumwa. Kwa hiyo, kwenye VirtualBox, tafuta kipengele kinachoitwa IgnoreFlush na ukiweke 0 kwa kila diski ya IDE. Kwenye QEMU, usitumie cache=unsafe (mpangilio unaopuuza amri hiyo ya kuandika) kwa mashine yenye data za watu; hiyo ni ya majaribio tu. Halafu weka UPS, kifaa chenye betri kinachoshikilia kompyuta umeme unapokatika. Ijaribu kwa kuchomoa plagi ukutani huku Windows ya ndani ikiwa imezimwa, uone inahimili muda gani, na urudie jaribio kila baada ya miezi michache kwa sababu betri huchoka kimyakimya. Laptopu yenye betri nzima inatosha kwa ofisi ndogo. Msimu wetu wa mvua unaanza mwishoni mwa mwaka, pamoja na radi zake, wakati minada ya korosho imepamba moto. UPS inunuliwe kabla ya hapo.

Mfundishe kila anayetumia mashine hiyo kuzima Windows ya ndani kwanza, kisha ya nje. Kama ni Windows 98 Toleo la Pili, hakikisha lile sahihisho la Microsoft la diski za IDE limewekwa: kompyuta za kasi zilikuwa zikijizima kabla diski haijamaliza kuandika, na tatizo hilo lilijulikana hata kwenye mashine halisi.

Ukubwa wa diski nao una mipaka yake. FAT16 ya enzi za DOS inaishia GB 2 kwa kila sehemu. Fdisk, programu ya kugawa diski iliyokuja na Windows 98, inakosea kusoma diski inayozidi GB 64. Windows 98, na XP isiyo na Service Pack 1 (kifurushi chake cha kwanza cha masahihisho), hazijui kuhesabu zaidi ya GB 137. Zikivuka hapo, maandishi yanaweza kurudi mwanzo wa diski na kufuta jedwali linaloonyesha faili ziko wapi. Mashine itafanya kazi vizuri kwa miezi, mpaka siku inapojaa. Usitengeneze diski ya GB 500 kwa sababu tu nafasi unayo. GB 8 kwa Windows 98 na GB 40 kwa XP zinatosha kazi za ofisi.

Angalia pia nafasi kwenye kompyuta ya nje, yaani ile halisi inayoibeba mashine pepe. Diski pepe inayokua kidogokidogo inaweza kuandikwa GB 40 huku leo ikichukua GB 6 tu. Siku kompyuta ya nje ikijaa picha na video, diski ya ndani haina pa kukulia.

Snapshoti, yaani hali ya mashine iliyohifadhiwa ili uweze kuirudia, zinahitaji heshima. Ukichukua snapshoti, faili la awali linaganda na mabadiliko yote yanaandikwa kwenye faili jingine linalolitegemea. Ukihamisha faili moja bila jingine, au ukilifungua la awali kwa programu nyingine likabadilika hata kidogo, mnyororo unakatika. Vivyo hivyo kwa mashine uliyoihifadhi ikiwa inaendelea badala ya kuizima: kumbukumbu yake inaamini diski iko kama ilivyoachwa. Ukirudisha diski ya wiki iliyopita kisha ukaiamsha, itaandika juu ya vitu isivyovijua. Zima kabisa kabla ya kunakili chochote.

Kisha nakala, na snapshoti si nakala. Nakili folda nzima ya mashine kwenda diski ya kuchomeka iliyofomatiwa NTFS, kwa sababu FAT32 haipokei faili linalofikia GB 4. Hakiki kwa amri ya certutil -hashfile kwenye faili la awali na kwenye nakala, namba zifanane. Zikitofautiana, pima RAM ya kompyuta kwa MemTest86+ kabla hujailaumu diski. Weka nakala mbili, moja ikae nje ya ofisi, na diski tupu ya akiba iwe kabatini. Mei 2024, mvua za kimbunga Hidaya zilipokata barabara ya Dar es Salaam kule Somanga, aliyehitaji kifaa kutoka Kariakoo ilibidi angoje.

Sasa, ikishaharibika. Ujumbe wa faili kutosomeka ukitokea, usikimbilie chkdsk, programu ya Windows ya kukagua na kurekebisha diski. Programu hiyo hurekebisha jedwali kulingana na inachokiona, na kama kinachoonekana kimepotoshwa na diski halisi inayokufa, itafuta faili zilizokuwa nzima. Anzia nje kuingia ndani. Zima, nakili kila kitu, na kazi zote zifanyike kwenye nakala. Soma ripoti ya SMART ya diski halisi, ambayo diski hutoa kuhusu afya yake yenyewe: sekta zinazosubiri au zilizohamishwa zikiongezeka, badilisha diski. Baada ya hapo chunguza faili la diski pepe. Kwa qcow2, aina ya faili la diski ya QEMU, tumia qemu-img check bila kuiamuru irekebishe, na kwa VirtualBox soma VBox.log, faili la matukio yake. Ndipo ufikie mfumo wa ndani, kwa chkdsk bila /f (agizo la kurekebisha), ikueleze tu inachokiona.

XP inapowaka baada ya kuzimika vibaya hukupa sekunde chache za kubonyeza kitufe kuzuia ukaguzi, bonyeza. Kwenye Windows 98, weka AutoScan=0 ndani ya MSDOS.SYS mapema ili ScanDisk, mkaguzi wa diski wa Windows 98, isianze yenyewe. Njia salama zaidi ni kuiunganisha nakala kama diski ya pili kwenye mashine pepe nyingine iliyo nzima. Na ukiona skrini ya bluu yenye 0x0000007B, uliza kwanza kama kuna mtu aliyebadilisha aina ya diski pepe kutoka IDE kuwa SATA, njia mpya ya kuunganisha diski. XP haina dereva (programu ya kuendesha kifaa) wa AHCI inayotumiwa na SATA, na hapo diski haijaharibika hata kidogo.

Ukishaipata data, usiirudishe kazini diski iliyorekebishwa. Chukua nakala nzima ya mwisho, weka ndani yake faili la hesabu ulilookoa, kisha linganisha jumla za mwezi na karatasi zilizochapishwa kabla hujaruhusu mtu kuingiza mauzo mapya.