Umehamia Dodoma ukitokea nje ya nchi? Soma hii kabla hujasema mji umepoa

Wageni wengi wakifika Dodoma, Wakenya, Wahindi, Wakongo, Wachina wa ujenzi, Wazungu wa mashirika, mwezi wa kwanza wimbo ni mmoja tu: mji umepoa, jioni hakuna pa kwenda, kuna vumbi. Alafu kuna wale unawakuta baadae mkataba unaisha na wanahangaika kutafuta kazi nyingine hapahapa ili wasiondoke. Mimi nafundisha wageni Kiswahili, nawasindikiza sokoni, nawasaidia kutafuta nyumba, kwahiyo nimeona kinachowatofautisha hawa wawili na kiukweli sio mshahara wala ukubwa wa nyumba. Naandika kwa ajili ya mgeni ambaye Kiswahili chake kimeshakaa vizuri, na kwa ajili yako pia mwenyeji uliyeambiwa na bosi "mpokee huyu" na hujui uanzie wapi.

Kwanza elewa huu mji ni wa watu waliokuja. Ulitangazwa makao makuu 1973 lakini serikali imehamia kwa nguvu kuanzia 2016, Chuo Kikuu cha Dodoma (UDOM) kimeanzishwa 2007, na hadhi ya jiji tumepata Aprili 2018. Kwahiyo nyumba ya kushoto anakaa Mhaya aliyehamishwa na wizara, kulia mwalimu Mnyakyusa, mwenye duka Mchaga, dereva bajaji Mrangi wa Kondoa, na mama wa mboga ndo Mgogo mwenye mji wake. Karibu kila mtu kaacha ndugu zake sehemu akaja kuanza upya, na watu hawana wale marafiki wa tangu utotoni wa kuwajazia wikiendi, wanatafuta watu wa kukaa nao kama wewe unavyotafuta. Wageni wengi waliowahi kukaa miji mingine mikubwa wananiambia hiki ndo walichokipenda zaidi hapa, kwamba hawakubaki kwenye kundi la wageni wenzao. Ila hilo halitakufuata ndani ya geti.

Ndo maana naanza na nyumba. Usikae hotelini muda mrefu, na usikubali ofisi ikupangishie nyumba iliyo peke yake kwenye viwanja vipya ambako hata duka la vocha hakuna. Tafuta mtaa wenye watu. Ukitaka karibu na mjini angalia Area C, Area D au Uzunguni, ukitaka mitaa ya familia iliyochangamka kuna Kisasa, Ilazo, Ipagala, ukifanya kazi UDOM basi Iyumbu na maeneo ya jirani, na kama ofisi yako iko mji wa serikali Mtumba fikiria vizuri safari ya kila siku kabla hujapenda nyumba ya upande wa pili wa mji. Dalali atakutaka kodi ya mwezi mmoja kama malipo yake, hiyo ni kawaida, mwenye nyumba atataka miezi sita au mwaka kwa mkupuo, hiyo nayo kawaida lakini jaribu kuongea naye, wengine wanakubali mitatu ukionekana mstaarabu na una barua ya kazi. Mkataba uwe wa maandishi.

Maji sasa. Hapa nakaza kwa sababu ndo kitu kinachoharibu furaha ya mgeni kuliko vyote. Mji umekua haraka, na visima vya Makutupora ambavyo vimeubeba miaka mingi vinabanwa na watu walioongezeka, kwahiyo kuna mitaa maji yanatoka kila siku na mingine kwa mgao. Kufungua bomba siku ya kuangalia nyumba hakutoshi. Mwulize jirani, sio dalali wala mwenye nyumba, mwulize yanatoka siku gani na saa ngapi, alafu angalia kama kuna simtanki juu ya mnara, la lita 2,000 au zaidi kwa familia, na kama pampu inafanya kazi. Umeme hakikisha una LUKU yako mwenyewe, yaani mita ya kulipia kabla, ile ya kushea na wapangaji wenzako inaleta maneno kila mwisho wa mwezi.

Na usitafute nyumba ya muda wala gesti wakati wa Bunge la bajeti, yaani Aprili mpaka mwisho wa Juni. Wabunge wanakuja na madereva, watendaji wa wizara na taasisi wanakuja, waandishi wanakuja, vyumba vinajaa na bei inapanda. Lakini kama umeshapata pa kukaa, hicho ndo kipindi mji umechangamka kuliko vyote, migahawa imejaa, mada za siasa kila meza, utajifunza nchi hii zaidi ya unavyosoma kwenye ripoti.

Ukishahamia, wiki hiyohiyo nenda kajitambulishe kwa mjumbe na kwa mwenyekiti wa mtaa. Mwenyeji, hii ni kazi yako, usimwache mgeni aende mwenyewe. Inachukua dakika chache, mnaandikishwa, mnapiga stori kidogo, na kuanzia hapo mgeni ana mtu wa kumpigia kikitokea kitu usiku, na mtaa mzima unajua huyu ni wa kwetu.

Salamu sitaki kuzunguka nazo sana maana kila mtu anasema, ila wageni bado wanakosea palepale: wanafika dukani wanataja wanachotaka. Salimia kwanza, uliza za kazi, ndo useme shida yako. Mtu mzima mpe shikamoo yake hata kama wewe ni mkurugenzi, mama wa sokoni mwenye umri wa mama yako anaitwa mama, sio "wewe". Na ukimtupia bibi wa Kigogo "mbukwa", salamu ya kwao, pale soko la Majengo, uso wake utafunguka kabisa. Alafu chagua mama mmoja wa mboga, mmoja wa matunda, kijana mmoja wa bajaji, uwe unarudi kwao hao hao. Mwanzoni utalipa juu kidogo, usigombane, baada ya muda utaanza kuwekewa nyanya nzuri pembeni na kuongezewa mchicha bila kuomba, na ukiwa hujaonekana utaulizwa ulikuwa unaumwa? Kwa mtu aliyeacha mama yake mbali hiyo ni kubwa sana jamani.

Jumamosi nenda mnadani Msalato. Kama utachukua ushauri mmoja tu hapa chukua huu. Uko kaskazini mwa mji, barabara ya kwenda Arusha, daladala zinafika na bajaji zinafika. Asubuhi ni biashara ya mifugo, ng'ombe na mbuzi wanauzwa, wafugaji wamefunga mashuka yao na fimbo mkononi, pembeni mitumba, sufuria, viatu vya matairi, dawa za kienyeji. Kuanzia mchana ndo nyama. Unaenda kwa mchomaji, unachagua mwenyewe kipande cha mbuzi, kinapimwa kwa kilo, mnakubaliana bei kabla haijaenda motoni, hapo usione aibu, kisha unatafuta kivuli unakaa. Usiwe na haraka. Nyama ya kuchoma vizuri inataka muda, na huo muda ndo wenyewe, watu wanaongea, meza ya jirani wanakuuliza umetoka wapi, wanakuonjesha yao, ikija yako nawe unawakaribisha. Inakatwa vipande inakuja na chumvi, pilipili, kachumbari, ugali au ndizi, mnanawa mnakula mkono mmoja. Nimeona mgeni aliyekuwa hajui mtu hata mmoja anaondoka pale na mwaliko wa ubatizo. Vaa kofia na viatu vya kufunika, beba hela taslimu pamoja na ya kwenye simu, na usimpige mtu picha bila kumwomba. Picha za Ikulu, kambi za jeshi na vitu vya namna hiyo usijaribu kabisa, sio Msalato tu, popote.

Chakula kingine. Zabibu hapa zinavunwa mara mbili kwa mwaka, msimu mmoja unaangukia Februari na Machi na mwingine Agosti na Septemba, na msimu ukifika zinauzwa barabarani kwa ndoo. Omba mtu akupeleke Hombolo au Mpunguzi uone mashamba yenyewe, wakulima wengi ni watu wakarimu na utakula mpaka uchoke. Mvinyo unatengenezwa hapahapa, mweupe na mwekundu, na kuna ule mtamu wa bei nafuu ambao wenyeji wengi wanaupenda kuliko hiyo mikavu ya wageni, jaribu yote uamue. Ugali wa mtama au uwele na mlenda usiupime kwa kijiko kimoja, mlenda unateleza na mgeni anashtuka, ila ukiupata uliopikwa na karanga na mama anayejua, utauomba tena. Kuku wa kienyeji na mafuta ya alizeti ya kanda hii sina haja ya kuyasifia, mgeni yeyote anayepika atajua tofauti.

Kuna la dini na sikukuu, na hapa Dodoma ni nzuri mno. Makanisa makuu ya Anglikana na Kilutheri yako katikati ya mji, msikiti wa Gaddafi uliofunguliwa 2010 ni kati ya misikiti mikubwa Afrika Mashariki, Waismailia wako, Wahindi wa biashara za tangu enzi za reli ya Mjerumani wako. Iddi utaletewa pilau na jirani, Krismasi nawe uwe na cha kupeleka. Usirudishe sahani tupu, weka hata matunda.

Utaletewa na kadi za michango. Harusi, sendofu, kipaimara, msiba. Wageni wengi hii inawakera, wanaona wanaombwa hela kwa sababu ni wageni. Hapana, angalia hilo grupu la WhatsApp, kila mtu anachangia hata mlinzi. Panga kiasi kwenye bajeti yako ya mwezi, changia unachoweza kwa watu unaowajua kweli, na kwa wengine sema kwa heshima safari hii sijajipanga, hakuna atakayekuchukia. Ila msiba wa jirani usikose. Nenda ukae hata nusu saa, huna haja ya kuongea.

Na muziki. Ngoma za Wagogo zina sifa mbali, marehemu Hukwe Zawose alizitembeza dunia nzima na zeze na ilimba yake, lakini kuona akina mama wanapiga muheme kijijini, ngoma katikati ya mapaja, sauti zinapandana, ni kitu kingine kabisa. Chamwino kuna tamasha la muziki wa Wagogo, fuatilia tarehe mapema. Ukipenda mpira, Dodoma Jiji wanacheza uwanja wa Jamhuri, na siku Simba au Yanga wakija usipange kikao jioni hiyo.

Kutoka nje ya mji imekuwa rahisi tangu treni ya SGR, ile reli mpya ya umeme, ianze kufika Dodoma 2024. Dar sasa ni masaa matatu na nusu mpaka manne hivi, sio siku nzima kwenye basi, na balozi nyingi bado ziko Dar kwahiyo mambo ya pasipoti utayafanya kwa treni. Kata tiketi mapema hasa Ijumaa na Jumapili, nenda na pasipoti au kitambulisho, wahi stesheni. Ukiwa na siku mbili nenda Kondoa ukaone michoro ya kwenye miamba ya Kolo, urithi wa dunia tangu 2006, lami ipo mpaka Babati. Ukielekea Iringa pitia Mtera, simama bwawani ule samaki, kisha endelea Ruaha ukiwa na muda.

Karatasi, kwa kifupi: kibali cha kazi kwanza, alafu cha ukaazi, daraja A ni wawekezaji na waliojiajiri, B walioajiriwa, C wanafunzi, watafiti, wa kujitolea na kadhalika. Mwachie mwajiri avifuatilie lakini wewe kumbuka tarehe ya kuisha. Laini ya simu unasajili kwa pasipoti. Na ukiupenda mji mpaka ukataka kiwanja, simama kwanza: kwa Sheria ya Ardhi ya 1999 asiye raia hapewi ardhi isipokuwa kwa uwekezaji kupitia utaratibu wake maalum, kwahiyo yule anayekuambia utaandikishana kwa mwenyekiti tu na yamekwisha, mkimbie.

La mwisho ni la kupakia mzigo: njoo na sweta. Watu wanasikia Afrika wanakuja na nguo za Dar, kumbe hapa tuko zaidi ya mita 1,100 juu ya bahari, na Juni mpaka Agosti usiku kuna upepo na baridi ya kweli. Mvua ni Desemba mpaka Aprili hivi, joto linakaza Oktoba na Novemba, vumbi muda mwingi wa kiangazi, kwahiyo weka nyavu na mapazia mazito madirishani na ufagio mlangoni.