Namna ya kusoma riwaya ya picha kama riwaya

Nimefundisha fasihi sekondari kwa miaka 26. Miaka mingi kati ya hiyo, nikimkuta mwanafunzi na kitabu cha katuni chini ya dawati, nilikichukua nikakifungia kabatini mpaka mwisho wa muhula, na sikuwahi kufungua hata kimoja nione ndani kuna nini. Jambo hilo linaniuma mpaka leo. Sasa nimestaafu, naishi Pasua hapa Moshi, na kila Jumamosi saa nne asubuhi vijana tisa huja barazani kwangu tukasoma riwaya za picha, yaani hadithi ndefu zinazosimuliwa kwa michoro na maneno pamoja. Haya ninayoandika tumeyajaribu wenyewe, nami nawaandikia walimu wenzangu na wazazi wanaodhani kitabu chenye picha ni cha kumtuliza mtoto.

Kitabu kwanza. Mpwa wangu hufanya usafi kwenye hosteli moja ya wapanda mlima, na wageni wakishuka Kilimanjaro huacha vitabu ili mizigo ipungue. Ndivyo nilivyoipata Maus ya Art Spiegelman, Mmarekani anayesimulia jinsi baba yake, Myahudi wa Poland, alivyonusurika Auschwitz, kambi ambako Wanazi wa Ujerumani waliwaua Wayahudi wengi. Juzuu ya kwanza ilitoka mwaka 1986, ya pili 1991, na mwaka 1992 ikapewa tuzo maalumu ya Pulitzer, tuzo kubwa ya uandishi ya Marekani. Wayahudi wamechorwa kama panya, Wajerumani kama paka, Wapoland kama nguruwe. Ni kitabu cha Kiingereza, kwa hiyo mimi husoma huku nikitafsiri, na ni kizito: mpe kijana wa kidato cha tatu kwenda juu, si mtoto mdogo.

Ukishakipata, usianze na maneno. Kata vipande vya kalenda ya zamani, funika viputo vyote vya maneno ya wahusika katika ukurasa mmoja, kisha waulize vijana: nani ana nguvu hapa? Nani anaogopa? Mmejuaje? Mara ya kwanza watakaa kimya. Wape muda. Baada ya dakika tano mmoja ataona kwamba fremu, yaani kisanduku cha mchoro, ya juu ni pana na za chini zimebanana, na hapo ndipo somo linapoanza.

Halafu waonyeshe nafasi nyeupe kati ya fremu na fremu. Sisi tunaziita vichochoro. Fremu moja mtu ameshika kitasa, inayofuata ameketi ndani. Aliyefungua mlango na kuingia ni msomaji, kichwani mwake. Msomaji anayefanya kazi hiyo kila baada ya inchi tatu si mvivu. Kwa kila ukurasa chagua kichochoro kimoja tu, umwambie kila kijana aandike sentensi mbili za kilichotokea humo. Majibu hayatafanana, na mabishano yake ni matamu.

Hatua ninayoithamini kuliko zote ni kulinganisha maneno na mchoro. Katika Maus kuna mahali ambapo Vladek, yule baba, na mkewe Anja wanajificha miongoni mwa Wapoland. Wamechorwa wakiwa panya waliovaa vinyago vya nguruwe, na kamba za vinyago zinaonekana nyuma ya vichwa. Vladek anasema Anja alitambulika kwa urahisi zaidi kuwa ni Myahudi. Tulisoma hapo tukapita. Kijana mmoja akanirudisha: "Mwalimu, angalia mkia." Nikasogeza kitabu kwenye mwanga. Kweli, mkia mrefu wa panya unaning'inia nyuma ya Anja, na mumewe hana unaoonekana. Maneno yametupa taarifa, mchoro umetutia hofu. Tangu hapo kila ukurasa tunauliza swali lilelile: mchoro umesema nini ambacho maneno hayakusema?

Sasa leta fani na maudhui, zana zilezile za darasani. Wahusika, mandhari na dhamira hazitakusumbua. Kwenye muundo hesabu fremu na ukubwa wake. Kwenye matumizi ya lugha ongeza wino: weusi uko wapi, mstari ni mwembamba au umekwaruzwa. Sisi tuliokulia na katuni ya Chakubanga ya Christian Gregory katika gazeti la Uhuru tunajua kwamba mstari mmoja wa kalamu unaweza kubeba kejeli nzima. Riwaya ya picha inaibeba kalamu hiyo kwa kurasa mia mbili na zaidi.

Utasikia watu wakizitetea riwaya za picha kwa kusema ni ngazi ya kumfikisha mtoto kwenye vitabu vya kweli. Usikubali utetezi huo hata kama unatolewa kwa nia njema. Hatusemi ushairi ni ngazi ya kufikia riwaya.

Jambo dogo la vitendo: ukienda steshenari kutoa kopi ya ukurasa mmoja wa mazoezi, mwombe kijana wa mashine apunguze wino. Kopi nzito hugeuza kila kivuli kuwa doa jeusi, na utakuwa umepoteza nusu ya ulichotaka kufundisha.

Mwisho wa mwezi kila mmoja achore ukurasa wake. Asiyejua kuchora achore watu wa vijiti, inatosha. Binti mmoja alichora fremu sita za mama yake akiuza ndizi sokoni Kiboroloni. Meza ni ileile, mama yuleyule, mikono mapajani. Kinachobadilika ni kivuli cha mwavuli, kinachohama kutoka kushoto kwenda kulia. Nilihesabu vichane kwenye fremu ya kwanza: kumi na moja. Nikahesabu kwenye ya sita: kumi na moja. Hakuandika neno hata moja. Wenzake walimwambia aongeze kiputo, mama aseme walau "leo hakuna biashara." Alifikiri, akachukua kifutio, akafuta mdomo wa mama kwenye fremu ya mwisho, kisha akanikabidhi karatasi.

Jumamosi ijayo tutaanza na ukurasa huo.