SOMO: Windows 3.1 inaganda ukifungua programu nyingi? Usikimbilie kuongeza RAM

Wadau, swali la "mbona inaganda na RAM ninayo ya kutosha" nimelijibu mpaka nimechoka. Naliweka hapa mara moja.

1. Hakikisha HIMEM.SYS (kiendeshi kinachofungua memori iliyo juu ya MB 1) ipo kwenye CONFIG.SYS, faili la mipangilio linalosomwa mashine inapowaka.

2. Ukiwa DOS (mfumo wa kuandika amri, kabla ya kuingia Windows), andika WIN /3, kisha Help, About Program Manager. Pasomeke 386 Enhanced Mode, yaani hali inayotumia uwezo wa prosesa ya 386.

3. Toka Windows, na ukiwa DOS endesha DEFRAG (hukusanya vipande vya mafaili kwenye diski), ndipo urudi Windows utengeneze swap file ya kudumu, faili la diski linalotumika kama memori ya ziada (Control Panel, 386 Enhanced, Virtual Memory). Inataka nafasi isiyokatikakatika.

4. HAPA NDIPO WENGI MNAKWAMA, nami nilikwama. Kwenye About kuna mstari wa System Resources, kwa asilimia. Hiyo si RAM. Ni maeneo madogo ya USER na GDI yanakoandikwa madirisha, vitufe, ikoni na fonti za programu zote, na kila eneo lina ukomo wa KB 64 hata ukiwa na RAM ya kumwaga. Mimi nilitoka MB 4 hadi 16, bado ikaniambia memori haitoshi, na ripoti ya usiku mzima ikapotea. Kibaya zaidi, programu nyingine zikifungwa hazirudishi chote zilichochukua. Kwa hiyo andika asilimia ya mwanzo. Ikishuka chini ya 30, hifadhi kazi. Chini ya 20, toka Windows, uingie upya. Usifungue hata kikokotoo kwanza.

5. Programu za DOS: kwenye PIF Editor (panapowekwa mipangilio yake) weka alama Background ili iendelee ukiiacha nyuma, ondoa Exclusive ili isizinyime nyingine zamu.

6. Programu ikiganda, bonyeza Ctrl+Alt+Del MARA MOJA. Skrini ya bluu ikija, Enter inaifunga iliyoganda, Esc inakurudisha. Ukibonyeza tena, mashine inawaka upya na ambacho hujahifadhi kimekwenda. Ukishaifunga, hifadhi zilizobaki na utoke Windows.

MASWALI

mgeni07: Mkuu nina MB 32 na bado inalia memori. Niongeze?

Mwandishi: Hatua ya 4. Isome yote.

Chapchap: Nimefuata hatua ya 6, kazi yote imekwenda. Somo lako limenitia hasara.

Mwandishi: Pole kwa kazi. Ulibonyeza mara ngapi?

Chapchap: Kama tatu, si ilikuwa imeganda.

Mwandishi: Nimeandika MARA MOJA, tena kwa herufi kubwa.

Binti_Diski: Nimeona kitu. Programu ya Windows ikikwama, ile ya DOS niliyoiacha nyuma inaendelea na kazi. Kwa nini?

Mwandishi: Swali zuri sana, dada. Prosesa ya 386 inaweza kujigawa kuwa mashine bandia kadhaa. Kila programu ya DOS hupewa yake, na muda hugawiwa kwa nguvu: zamu ikiisha, inanyang'anywa. Lakini programu zote za Windows hukaa ndani ya mashine moja na kuachiana zamu kwa hiari, kila moja inaporudi kuuliza kama kuna ujumbe wake. Isiyorudi kuuliza inazishikilia wenzake wote. MultiFinder, iliyoendesha programu kadhaa kwa pamoja kwenye Macintosh ya Apple, mwaka 1987, nayo ilikuwa ya hiari.

Binti_Diski: Windows 95 ilimaliza hilo?

Mwandishi: Nusu. Programu mpya za biti 32 hunyang'anywa zamu, ila zile za zamani za biti 16 bado hungojana, na moja ikikwama ndani ya msimbo wa zamani unaotumiwa na wote, hata za biti 32 zinazotaka kuchora skrini husubiri. Kunyang'anya zamu peke yake hakutoshi. Kompyuta ya Amiga ilifanya hivyo tangu 1985, lakini haikuwa na ulinzi wa memori, hivyo programu moja mbovu iliweza kuandika juu ya nyingine na kuangusha mashine nzima.

Fundi_Kache: Nyongeza: kama unatumia SMARTDRV (programu ya kache, yaani memori inayoshikilia data ya diski kwa muda), kabla ya kuzima umeme andika SMARTDRV /C. Kache inaweza kuwa na data ambayo bado haijafika kwenye diski.

Mwandishi: Asante sana, hiyo sasa ni hatua ya 7. Mwenye DOS 6.2 anaweza pia kuipakia SMARTDRV na /X ili isicheleweshe kuandika.