Kuanzisha satsang nyumbani: namna ya kuwapata wenzi na kukaa nao

Mume wangu alipofariki, nilikaa karibu mwaka mzima nikivuta mala peke yangu, ile tasbihi yetu ya punje 108, kila alfajiri mbele ya picha ya Krishna, Mungu wetu, hapa hapa nyumbani Mombasa. Midomo ilitaja jina, na moyo ulikuwa dukani kwenye majora ya vitambaa na madeni. Aliyenitoa hapo ni jirani wa ghorofa ya chini, mama wa Kigujarati aliyenizidi miaka 20. Alipanda ngazi siku moja na Bhagavata, kitabu chetu kitakatifu cha visa vya Krishna, kwapani, akasema, "Dikri, binti yangu, nisomee. Macho hayaoni tena." Nilidhani ni mimi ninayemsaidia.

Hiyo ndiyo ilikuwa satsang yangu ya kwanza ya kweli. Hekaluni nilikuwa nimekwenda tangu utotoni, lakini kukaa katika umati ni jambo jingine. Sat ni kweli, tena ni wema. Sanga ni kuandamana, kushikamana na mtu. Basi satsang ni kukaa pamoja na watu wema. Wengi wameniuliza wataanzaje, hasa vijana wetu ambao Kigujarati kimewapotea na Kiswahili ndicho wanachoota nacho. Nitaeleza ninavyofanya.

Kwanza chagua watu, wala usione haya kuchagua. Katika kitabu cha 3 cha Bhagavata, sura ya 25, Kapila, mwenye hekima wa kale, anamweleza mama yake, Devahuti, alama za mtu wa kuandamana naye: ni mvumilivu, ana huruma, ni rafiki wa kila kiumbe, hamwoni mtu yeyote kuwa adui, ni mtulivu. Basi. Hapo hapana Kisanskriti, hapana ukoo, hapana kiasi cha mchango hekaluni. Mimi humtazama mtu anavyosema na kijana anayembebea kikapu pale Marikiti, na humsikiliza anavyomtaja ndugu aliyegombana naye. Hayo mawili hunitosha.

Watafute wanne au watano, wasizidi. Hili nililijua kwa kuumia. Kikundi changu cha kwanza kilifika watu 23, na nilifurahi sana kuona viatu vimejaa mlangoni. Jioni moja dada mmoja akatueleza shida ya ndoa yake huku analia. Wiki haijaisha, mteja ambaye hakuwahi kukanyaga kwangu akanisimulia shida ile ile, na chumvi juu yake. Nilikwenda kuomba radhi. Dada alinikaribisha chai, tukazungumza habari za watoto, na kwangu hakurudi tena. Kikundi nikakivunja.

Narada, naye mwenye hekima wa kale, katika Bhakti Sutra zake 84, yaani semi fupi juu ya kumpenda Mungu, anasema usuhuba mbaya uepukwe kabisa, kisha anaeleza sababu: tamaa, hasira na mengineyo huanza kama viwimbi tu, na usuhuba huo ndio unaoyageuza bahari. Nilikuwa nimeisoma sutra hiyo mara nyingi nikiwafikiria walevi na wacheza kamari. Kumbe viwimbi vilikuwa vimeketi mkekani kwangu, vinakunywa chai yangu. Tangu hapo tuna sharti moja lisilojadiliwa: jina la asiyekuwepo halitajwi ila kwa kumwombea, na kilichosemwa mkekani hakishuki ngazi.

Siku yetu ni Ekadashi, yaani siku ya 11 baada ya mwezi mwandamo na ya 11 baada ya mwezi mpevu. Mara mbili kwa mwezi inatosha kwa watu wenye kazi. Zaidi ya hapo, ni siku ya mfungo, hatuli wali wala kunde wala ngano, na jambo hilo humwokoa mwenyeji. Naandaa viazi vitamu, ndizi, na sabudana (punje za wanga wa muhogo) iliyokaangwa kwa karanga, basi. Chakula kikiwa kikubwa, mwenyeji huwa jikoni wakati wenzake wanasikia kitabu.

Saa moja jioni tunawasha taa ya samli, tunaweka jani la tulsi (ni ndugu wa mrihani, watu wa pwani mtalijua kwa harufu), tunaimba kidogo kwa matoazi, halafu mmoja anasoma sura moja kwa sauti. Moja tu. Kitabu changu ni cha Kigujarati, kwa hiyo nasoma shairi, kisha tunasaidiana kulileta kwa Kiswahili hadi kila mtu aridhike. Wakati mwingine neno moja linatumalizia nusu saa, na hizo ndizo jioni ninazozikumbuka.

Baada ya kusoma, kila mmoja aseme mahali pamoja palipomgusa. Asihubiri. Katika Gita, kitabu cha mafundisho ya Krishna, sura ya 10, shairi la 9, Krishna anasema waja wake huelimishana wao kwa wao, humzungumza kila wakati, na humo wakapata raha yao. Wao kwa wao. Akiwepo mtu ambaye yeye hufundisha tu na hafundishwi, mkalishe kimya jioni mbili. Akishindwa, mwambie kwa upole, faraghani, aende panapohitajika mhubiri.

Msianzie mwanzo. Bhagavata ina vitabu 12 na mashairi, kwa hesabu ya jadi, 18,000, mtachoka. Anzeni na kitabu cha 1, sura ya 5 na ya 6, Narada anaposimulia alivyokuwa mtoto wa mtumishi wa kike. Watawa walipiga kambi miezi minne ya mvua, naye akawahudumia, akala masazo yao, akasikia visa vya Krishna. Wakaondoka. Mama yake akafa kwa kuumwa na nyoka. Mtoto akabaki na yale aliyoyasikia. Ninapomkumbuka mama wa ghorofa ya chini, ambaye sasa naye hayupo, huisoma tena sura hiyo.

Kisha nendeni kwa Kapila na Devahuti. Hapo Kapila anasema kuambatana na vitu ni kamba isiyochakaa, lakini kuambatana huko huko, kukielekezwa kwa watu wema, ni mlango wa wokovu uliofunguliwa. Kwa miaka niliisoma kamba ile kama hukumu juu yangu: nilimpenda mume wangu kupita kiasi, ndiyo maana naumia. Mmoja wetu ni kijana wa Kikamba, fundi wa friji, aliyekuja kwa kuvutwa na kirtan, nyimbo zetu za kumsifu Mungu, akabaki. Jioni ile alisema, "Masi, mama mdogo, mbona Devahuti hakuambiwa aiache kamba? Ameambiwa aifunge kwingine." Sikuweza kujibu. Nilikwenda kuchota maji jikoni nikakaa huko kidogo. Devahuti naye alikuwa ameachwa peke yake, mumewe amekwenda msituni, na aliyemfundisha alikuwa mwanawe mwenyewe.

Wakigombana wawili, msiwasuluhishe mkekani. Someni kama kawaida, kisha mtu mmoja anayeaminiwa na wote awatembelee majumbani. Na kama una mwenzi mmoja tu, anza naye leo. Mimi na jirani yangu tulikuwa wawili miaka mitatu.

Ekadashi ijayo tunaingia kitabu cha 7, kisa cha Prahlada, mtoto aliyewageuza wanafunzi wenzake kuwa waja wa Mungu wakati walimu wametoka darasani. Fundi ndiye atakayeongoza. Ameshaniomba nimsomee sura kwanza Jumapili, tuitafute kwa Kiswahili kabla ya wenzetu kufika.