SOMO: Kulinganisha sauti ya risiva mbili za zamani bila masikio kukudanganya

Risiva ni redio yenye amplifaya ndani yake, na ubishi wa chapa zake, "Marantz ni laini" na "Pioneer ni kali", mara nyingi huamuliwa na mambo mawili yasiyohusu ubora: mashine moja imepandishwa sauti juu kidogo kuliko nyingine, au moja ina vipuri vilivyochoka. Ukiyaondoa hayo ndipo unaisikia risiva yenyewe. Mfano wa somo hili ni Marantz 2245 na Pioneer SX-780, zote za miaka ya 1970, zote wati 45 kwa kila chaneli kwenye spika za omu 8.

Vifaa: mita ya kidijiti, waya mbili za RCA zenye matawi mawili (za kupeleka sauti ya chanzo kimoja kwenye risiva zote mbili), swichi ya kubadilisha spika, simu yenye mlio wa hezi 1,000, na msaidizi mmoja.

Hatua ya 1: Umeme
Soma maandishi ya nyuma kabla ya kuchomeka. Mashine ya soko la Japani ni volti 100, ya Marekani 120, na umeme wetu ni 230 hadi 240. Kama haina swichi ya kuchagua volti, tumia transfoma ya kushushia umeme yenye uwezo mara mbili ya wati zilizoandikwa nyuma. Risiva iliyolala miaka mingi iwashwe kwanza kupitia balbu ya uzi ya wati 100 iliyofungwa mfululizo kwenye waya wa laini (waya wa moto). Balbu ing'ae kidogo kisha ififie. Ikibaki inang'aa, chomoa: kuna shoti, na wa kwanza kushukiwa ni transista za mwisho au dayodi za pawa.

Hatua ya 2: Afya ya mashine
Toa spika, shusha volyumu hadi mwisho, subiri dakika 10, kisha pima DC (umeme wa mwelekeo mmoja, usiotakiwa kufika kwenye spika) kwenye vituo vya spika. Chini ya milivolti 50 ni salama. Ikizidi 100, usifunge spika unazozipenda. Angalizo: risiva zenye kapasita kubwa kati ya amplifaya na spika huonyesha karibu sifuri hata zikiwa mbovu, kwa hiyo kipimo hiki hakizithibitishi.

Nyunyiza dawa ya kontakti ndani ya volyumu na swichi zote, uzizungushe mara 20 au zaidi. Swichi ya Tape Monitor (ya kusikiliza kaseti) husahaulika sana, na ndiyo inayopoteza chaneli moja. Kama nyuma kuna vipande vya chuma vinavyounganisha Pre Out (kutoka amplifaya ya awali) na Main In (kuingia amplifaya ya nguvu), vichomoe, visugue hadi ving'ae, virudishe.

Hatua ya 3: Usawa wa sauti
Hapa ndipo kazi ilipo. Zima Loudness (swichi ya kukuza besi na sauti nyembamba) na vichujio vyote, weka besi na sauti nyembamba katikati. Piga mlio wa hezi 1,000 spika zikiwa zimeunganishwa, pima AC (umeme wa sauti yenyewe) kwenye vituo vya spika ya kushoto, na pandisha risiva ya kwanza hadi volti 1.00. Ya pili iwe kati ya 0.99 na 1.01. Tofauti hiyo ni chini ya desibeli 0.1. Rudia kulia, rekebisha kwa Balance (kitufe cha usawa wa kushoto na kulia), halafu rudi kushoto uhakikishe haijahama.

Kwa nini ukali wote huu? Kwa sababu sikio haliitambui tofauti ndogo kama "kubwa" na "ndogo". Linaitafsiri kama uwazi zaidi au besi iliyoshiba, na mashine iliyozidi kidogo inashinda bila haki. Mita ya bei nafuu inaweza kukosea kwenye masafa haya, lakini kosa ni lilelile kwa mashine zote mbili, kwa hiyo haliharibu ulinganisho. Volyumu ikiwa ya kupanda kwa ngazi, anza na hiyo, kisha ifuate kwa nyingine.

Hatua ya 4: Kubadilisha
Swichi ya spika lazima ikate chanya na hasi pamoja, na iachie ya kwanza kabla ya kushika ya pili. Amplifaya mbili zikikutana kwenye spika moja, hata kwa nukta, zinaweza kuungua. Risiva zote mbili ziwe zimewashwa muda wote, maana iliyozimwa inaweza kupotosha sauti ya chanzo kupitia waya wa matawi.

Hatua ya 5: Kusikiliza
Msaidizi achague kwa kurusha sarafu, wewe usione. Tumia vipande vya sekunde 10 hadi 20 vinavyojirudia. Taarabu yenye kanuni (ala ya nyuzi) na fidla inafaa sana, kwa sababu nyuzi za kanuni hufichua ukali haraka. Fanya raundi 16. Ukipatia 12 au zaidi, nafasi ya kuwa umebahatisha ni chini ya 4 kwa 100.

Kwa AUX (mlango wa kawaida wa kuingizia sauti), mashine mbili nzima zisizosukumwa hadi mwisho wa nguvu zao ni ngumu kuzitofautisha. Tofauti halisi iko kwenye santuri na FM, na hapo ndipo pesa ya mnunuzi ipimwe. Sindano ya MM (ya sumaku inayotembea) inataka omu 47,000, na kapasitansi (uwezo wa kushika chaji) ya mlango wa Phono, yaani wa santuri, pamoja na waya hubadilisha sauti nyembamba. Kwenye FM, stesheni hupandisha sauti nyembamba kabla ya kurusha na risiva huishusha: Marekani kwa mikrosekunde 75, Ulaya na sehemu kubwa ya dunia kwa 50. Risiva ya Marekani ikishika stesheni ya mikrosekunde 50 husikika imefifia juu, na watu huuita huo "ulaini".

MASWALI YA WANACHAMA

Swali: Mkuu, SX-1250 ya wati 160 dhidi ya Marantz 2230 ya wati 30, ni haki kweli?
Jibu: Kwa sauti ya kawaida ni haki kabisa. Tofauti yao ni kama desibeli 7 tu za nguvu ya ziada kabla ya sauti kupasuka. Itajitokeza ukipiga kwa nguvu au ukifunga spika za omu 4.

Swali: Shukrani kwa somo. Yangu chaneli moja inakwaruza, nikipandisha sauti inarudi safi. Nipige msasa rilei (swichi ya ndani inayounganisha spika)?
Jibu: Usipige msasa, ndugu, unaondoa tabaka la fedha kwenye kontakti. Pitisha karatasi iliyolowa dawa katikati ya kontakti. Tatizo likirudi, badilisha rilei kwa yenye volti ileile ya koili.

Swali: FM ya risiva yangu ya Japani inaishia 90. Kuna dawa?
Jibu: Bendi ya Japani ilikuwa 76 hadi 90. Fundi mzuri anaweza kuipanga upya tyuna, lakini kwa ulinganisho tumia AUX na santuri tu.

Swali: Nibadilishe kapasita zote kwanza?
Jibu: Anza na za pawa, na ubadilishe chaneli zote mbili kwa pamoja. Volti ziwe zilezile au zaidi. Na kwa SX-780, moduli ya STK (kipande kimoja chenye amplifaya ya mwisho) inayofanya kazi usiiguse, maana za bandia zimejaa sokoni.